Uso Uliotoka Nje ya Kiolezo

Alhamisi, 20 Juni. Saba ya kwanza.

Leo Eun-sil ametimiza siku saba tangu afariki. Tulipanda hekaluni asubuhi, mimi na baba yake, kila mmoja na mwavuli wake, na njia nzima hatukusemezana. Mtawa Myoseok alisoma sala, tukasujudu, tukanywa chai ya shayiri.

Kabla ya kuteremka nilimpigia magoti. "Mwalimu, niruhusu nimchoree mwanangu picha ya Gwaneum, Mwenye Huruma, kwenye hariri. Itundikwe ukumbini siku ya arobaini na tisa, imwongoze njia."

Ana miaka sabini na minane. Amenifundisha kuchora tangu nina kumi na saba, na hajawahi kunikubalia jambo kwa mara ya kwanza.

"Geum-rye, una miaka hamsini na moja na bado unaomba kama mtoto anayetaka peremende."

"Naomba kama mama."

Akahesabu kwa vidole. "Zimebaki siku arobaini na mbili, na mvua zinakuja. Hariri na mvua ni mtu na mke mwenza wake. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na sharti ni lile lile. Uso ni wa kiolezo. Mtu anayemsujudia Gwaneum asijikute anamsujudia binti wa jirani."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama umeelewa. Niahidi."

Nikaahidi. Siku ya arobaini na tisa ndipo marehemu hupewa njia yake. Kabla ya hapo anatangatanga, hajui aelekee wapi. Eun-sil hata mjini Busan alikuwa anapotea. Sitaki apotee huko.

Naandika hapa kwa sababu mdomoni halitoki: baba yake alipiga simu. Alimpigia kiwandani, aje nyumbani kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka sitini. Mtoto akaja, na basi likatumbukia bondeni. Siku ya sherehe ndiyo tuliyouchoma mwili wake. Mikate ya mchele niliyoipika kwa ajili ya sherehe ililiwa na waombolezaji.

Ijumaa, 21 Juni.

Baba Eun-sil amenitengenezea fremu bila kuombwa. Nimebandika hariri na kuivuta mpaka ikalia kama ngoma.

Jumapili, 23 Juni.

Mvua imeanza.

Jumatatu, 24 Juni.

Nimeipaka hariri maji ya shabu na gundi, mkono wa kwanza. Shabu ikizidi, hariri inakuja kukatika kama biskuti miaka ya mbele. Ikipungua, wino unatambaa. Na wakati wa mvua kipimo cha kiangazi hakifai, unaonja kwa ulimi. Nilionja, nikatema, nikalia. Sijui nililia nini, labda ule ukakasi tu.

Gundi anachemsha Baba Eun-sil, ya ngozi ya ng'ombe, miaka ishirini na mitano sasa. Siku za kawaida sufuria moja hutosha wiki. Mvua hizi gundi inaoza kabla ya jioni, kwa hiyo anaamka kila alfajiri anachemsha upya. Anasimama pale na mwiko wake, anakoroga upande mmoja, uso mkavu. Mwanamume huyu anachemsha gundi kana kwamba hakuna aliyekufa.

Alhamisi, 27 Juni. Saba ya pili.

Dada mkubwa wa Baba Eun-sil amekuja kutoka Suncheon kwa ibada. Tukiwa kibarazani tunavaa viatu akaanza tena maneno yake ya msibani.

"Wewe na sherehe yako! Ungekufa bila kusherehekea sitini, nani angekudai? Ulimwita mtoto kaburini kwa ajili ya bakuli la supu!"

Baba Eun-sil alifunga kamba za viatu. Akamaliza kimoja, akahamia cha pili. "Dada, kunateleza, shika ukuta," akasema.

Hakuna lingine alilosema. Mimi pia sikusema kitu.

Jumamosi, 29 Juni.

Nimeweka kiolezo chini ya hariri na kuanza mistari ya wino. Mwamba, maji, mguu wa kulia. Mkono umetulia.

Jumanne, 2 Julai.

Mvua.

Jumatano, 3 Julai.

Mama Dong-pal wa jirani ameleta viazi vya kuchemsha. Alisimama mlangoni akiziba pua. "Yaa, nyumba hii inanuka kama ng'ombe aliyefufuka! Mnaishije humu?" Kisha akageuka kuniita, akasema, "Mama Eun—" akakwama na mdomo wazi. Tumekaa jirani miaka ishirini na hajawahi kuniita jina lingine. Nilimwona anatafuta, ndugu yangu, shemeji, bibi mchoraji, akakosa.

"Niite tu," nikamwambia. "Bado ni mimi."

"Mama Eun-sil," akasema kwa sauti ndogo, "kula vingali vya moto."

Nilikula vitatu. Siku zote nilimwona mwanamke wa maneno mengi. Leo nimeona kwamba ana moyo.

Alhamisi, 4 Julai. Saba ya tatu.

Dada yake amekuja tena, akasema yale yale. Naye akajibu yale yale: kunateleza, shika ukuta.

Jumamosi, 6 Julai.

Nimegeuza fremu na kuanza rangi za nyuma. Watu wakija hekaluni husifu ninavyopaka, hawajui kwamba sehemu kubwa ya ninachopaka hawaioni. Rangi nzito inakaa mgongoni mwa hariri, na mbele inachungulia kwenye nyuzi, laini, kama damu chini ya ngozi. Mbele unaongeza kidogo tu. Nyeupe ya makombe kwa mwili, nyekundu kwa sketi, kijani cha jiwe kwa majani.

Baba Eun-sil alinishikia taa kwa sababu mchana ulikuwa giza. Saa tatu nzima hakubadilisha mkono. Nilitaka kumwambia aketi. Nikakumbuka simu, nikanyamaza.

Jumanne, 9 Julai.

Kiolezo kimeshika ukungu. Karatasi imefura kwa unyevu na kujikunja, mistari haikai tena mahali pake, na madoa ya kijani yameanza kugusa hariri kwa chini. Nimekitoa. Sehemu iliyobaki kuchorwa ni kichwa tu. Uso huu Mwalimu alinichoresha mara elfu tatu kabla ya kuniruhusu kugusa hariri. Nyusi kama mwezi mchanga, pua mstari mmoja, mdomo mdogo. Nitachora bila kiolezo.

Alhamisi, 11 Julai. Saba ya nne.

Mwalimu aliuliza, "Umefika wapi?" Nikasema kichwani. "Kiolezo kinavumilia unyevu?" Nikasema kinavumilia. Nimemdanganya mtawa mbele ya Buddha na wala sijui kwa nini.

Jumamosi, 13 Julai.

Nimechora uso. Sikula mchana, sikusikia mvua. Tangu msiba sijawahi kupata utulivu kama wa leo.

Jumatatu, 15 Julai.

Nyeupe ya uso kwa nyuma, mara tatu, nyepesi. Baba Eun-sil alileta gundi alfajiri, kama kawaida, lakini hakuondoka. Alisimama mbele ya fremu mikono nyuma.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama gundi imeshika."

"Imeshika."

"Naam," akasema, na bado akasimama.

Jumanne, 16 Julai.

Amesimama tena.

Jumatano, 17 Julai.

Tena. Leo nilimfukuza. Mtu anayekagua gundi mbele ya Gwaneum wa binti yake ana moyo gani? Nilimwambia, "Nenda ukakague sufuria zako." Akaenda. Alisahau miwani yake juu ya meza, akarudi kuichukua, akatazama tena.

Alhamisi, 18 Julai. Saba ya tano.

Mvua ilivunja daraja la miti, tukazunguka kwa barabara ya gari. Dada yake hakuweza kuja. Njia nzima niliyakosa maneno yake. Bila yeye kumlaumu kwa sauti, nilibaki na lawama peke yangu.

Jumapili, 21 Julai.

Shela. Gwaneum anajifunika shela jembamba mpaka miguuni, na shela hilo ni mistari myeupe, maelfu, kila mmoja mwembamba kuliko unywele. Hakuna njia ya mkato. Nimevuta mia nne leo.

Jumanne, 23 Julai.

Mia sita. Macho yangu yanawaka. Baba Eun-sil ameniwekea kitambaa cha maji baridi pembeni ya wino, akaondoka kimya. Kimenisaidia.

Alhamisi, 25 Julai. Saba ya sita.

Leo lazima niandike yote, hata mkono ukikataa.

Baada ya ibada Mwalimu alisema atateremka nasi aione picha, kwa sababu macho yatafunguliwa wiki ijayo naye ndiye atakayeyafungua. Macho ya Gwaneum huachwa matupu mpaka siku yenyewe. Mboni mbili ndizo zinazoingia mwisho, kwa sala. Baba Eun-sil alimbeba mgongoni palipoteleza. Mwalimu alimtania, "Pole pole, mzee, mimi si gunia la mchele." Nilicheka. Nilikuwa na fahari, kusema kweli. Nilijua ni kazi yangu bora kuliko zote.

Aliingia, akaketi mbele ya fremu. Akatazama shela, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatazama mikono. Kisha akatazama uso, akainama karibu zaidi na hariri.

"Kiolezo kiko wapi?"

"Kilishika ukungu, Mwalimu. Nilikitoa."

"Njoo hapa. Keti nilipokaa."

Nikaketi.

"Huyu ni nani?"

Nilitaka kusema Gwaneum. Nikatazama kama mgeni anavyotazama, na nikaona. Nyusi hazikuwa mwezi mchanga. Ya kushoto ilipanda kidogo, kama mtu anayetaka kukubishia. Kidevu kilikuwa kifupi. Mdomo umefungwa upande mmoja zaidi ya mwingine, kama anayezuia kicheko mbele ya wakubwa. Alikuwa Eun-sil. Alikuwa ameketi juu ya mwamba, amejifunika shela la mistari elfu, ananizuilia kicheko.

"Sikujua," nikasema. "Naapa sikujua, Mwalimu."

"Nakuamini. Mkono wako ndio uliojua."

"Nitarekebisha."

"Utarekebishaje? Rangi utaiosha kwa maji ya moto. Wino wa kwenye hariri unauosha na nini?"

Nilijua jibu tangu nina kumi na saba. Hauoshwi.

"Nitaanza nyingine."

"Kwa siku saba, katika mvua hii? Geum-rye, usijitese." Akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi. "Siwezi kuyafungua macho haya na kuitundika ukumbini. Watu watamsujudia mtoto, na mtoto akisujudiwa haendi. Mtaa mzima utakuwa umemshika nguo."

"Basi ataendaje bila picha? Nani atamwongoza?"

"Gwaneum alikuwa anasikia vilio kabla hatujajua kuchora. Ukumbini ipo picha ya zamani, itatosha." Akainuka, magoti yakalia. "Hii ni yako. Unaweza kuiweka nyumbani, macho yakiwa matupu, ukamtazama mpaka uzeeke. Au siku ile, tukichoma nguo zake na kibao cha jina lake, na hii iende pamoja. Sikuamulii. Lakini ujue unaamua nini: akae, au aende."

Mlangoni Baba Eun-sil alikuwa amesimama na viatu vya mtawa mkononi. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Ijumaa, 26 Julai.

Sikuchora.

Jumamosi, 27 Julai.

Nimemuuliza alfajiri, akiwa anakoroga. "Ulijua?"

"Tangu ile Jumatatu."

"Na hukuniambia?"

Aliendelea kukoroga. "Ningekuambia ungeacha." Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama Eun-sil, usiichome. Niachie mimi. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Niachie hiyo."

Na machozi yakamtoka, yakidondoka kwenye gundi, naye anakoroga tu, upande ule ule mmoja. Nikatazama sufuria na kuelewa kwamba tangu Juni alikuwa anainama juu ya mvuke ule kila alfajiri kwa sababu mtu akitoka kwenye mvuke na macho mekundu hakuna anayemuuliza. Wiki sita nimemwita mtu asiye na moyo. Nimeandika humu, kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja.

Jumapili, 28 Julai.

Mvua imekatika. Jua kali. Nimefungua madirisha yote.

Jumatatu, 29 Julai.

Nimerudi kurasa za mwanzo za daftari hili nikasoma nilichoandika kuhusu simu. Nimeandika nusu. Nusu nyingine naiandika leo.

Alipiga simu mara ya kwanza, Jumatano. Mtoto akasema kiwandani hawampi ruhusa, atakuja kwenye sikukuu ya mavuno. Baba yake akacheka, akamwambia, "Haya, sitini haina haraka, nitabaki nayo mpaka vuli." Akakata.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilikuwa nimeshaloweka mchele. Nilisema, watu watatuonaje, sherehe ya sitini na mtoto wa pekee hayupo? Nilimwambia, "Piga tena. Mwambie mama yake amesema asipokuja asinijue." Alikataa. Nikakaa pembeni yake mpaka akainua mkono wa simu. Na nilimsikia akimwambia kwa upole, akilibadilisha neno langu: "Mama yako amekukumbuka sana."

Ndiyo simu iliyomleta. Msibani dada yake aliposimama kumlaani mbele ya watu wote, Baba Eun-sil alinitazama mara moja tu, upesi, kisha akainamisha kichwa akaipokea lawama. Nami nikamwachia. Nikamwachia mpaka mwenyewe nikaamini.

Jumatano, 31 Julai.

Nimekwenda kumwambia kwamba nimelikumbuka lile la simu ya pili. Alikuwa anapasua kuni.

"Wala usianze hilo," akasema.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia, wangemgeukia nani kama si wewe?" Akapasua kipande kingine. "Mimi mgongo wangu mnene, nimezoea. Wewe ulikuwa na picha ya kumaliza."

Nilikaa kwenye magogo mabichi na sketi yangu nyeupe ya msiba.

"Kuhusu picha," nikasema, "sitaichoma usipotaka. Wewe ndiye utakayeamua. Nimeamua ya kutosha nyumba hii."

Alichomeka shoka. Alifikiri mpaka jua likahama kwenye paa la ghala. "Zile mboni," akasema. "Mtawa hawezi kuzitia. Wewe unaweza?"

"Hairuhusiwi. Zikitiwa bila sala ni..."

"Sitaki sala. Nataka anione mara moja. Nina neno la kumwambia, na siwezi kumwambia mtu asiye na macho."

Alhamisi, 1 Agosti. Siku ya arobaini na tisa.

Alfajiri alichemsha gundi mara ya mwisho. Kijiko kimoja tu, kilitosha. Nilisaga wino, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikatia mboni ya kushoto, kisha ya kulia. Kisha nikatoka nje nikafunga mlango, kwa sababu neno lilikuwa lao wawili.

Sijui alimwambia nini. Nilisikia sauti yake, siyo maneno. Alikaa muda wa kupika wali. Alipotoka alikuwa ameshaikata hariri kwenye fremu na kuiviringisha, ameifunga kwa utepe wa nywele wa Eun-sil. "Twende," akasema. "Tusimcheleweshe."

Ibada ilikuwa ndefu. Kisha watu wote walitoka nyuma ya hekalu kwenye tanuru la mawe. Zikaingia nguo zake, sare ya kiwanda, kibao cha jina. Dada yake alipoiona hariri mikononi mwa mdogo wake aliruka.

"Na hiyo nayo unaichoma? Kazi ya mkeo ya wiki sita? Hukutosheka kumwita mtoto afe—"

"Wifi," nikasema. Nilisema kwa nguvu hata Mama Dong-pal, aliyekuwa anafuta pua nyuma kabisa, akainua kichwa. "Simu ya pili ni mimi. Yeye alikuwa ameshamwambia mtoto asije. Mimi nilimlazimisha apige tena. Wiki hizi zote mmemtukana kwa kosa langu, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo nasikiliza."

Mtawa Myoseok alikuwa ameshika shanga zake hazisogei. Nilingoja dada yake anigeukie, nilikuwa tayari, nilitaka. Alinitazama, kisha akamtazama mdogo wake, akaanza kupiga kifua chake mwenyewe kwa ngumi.

Baba Eun-sil alifungua utepe akauweka mfukoni. Hakuikunjua hariri. Aliiingiza kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, akachelewa kuitoa mikono mpaka nikamvuta mkono wa koti. Hariri haiwaki kwa ndimi kubwa. Inajikunja, inajivuta ndani, na inanuka nywele zinazoungua. Wachoraji wote tunaijua harufu hiyo, ndivyo tunavyopima hariri ya kweli dukani. Lakini leo ilikuwa nywele.

Baba Eun-sil akakaa chini kwenye majivu. Nilikaa pembeni yake. Watu walikuwa wanatutazama na wala sikujali. Nilidhani siku hii nitamlilia mwanangu, na nilimlilia. Lakini kwikwi iliyonizidi nguvu, iliyonifanya nishike koti lake kwa mikono yote miwili, ilikuwa ya mtu huyu aliyebeba jiwe langu siku arobaini na tisa akanishikia na taa.

"Nisamehe, Baba Eun-sil."

"Nyamaza," akasema. "Anaondoka. Mwache asikie kimya."

Tukanyamaza wote wawili mpaka moshi ukaisha.